Bonanza la wafanyakazi

Bonanza la wafanyakazi (huitwa pia siku ya michezo ya wafanyakazi, au siku ya familia pale ambapo wenzi na watoto wamealikwa) ni siku ambayo wafanyakazi wa ofisi, kiwanda, shule au kampuni moja hukutana nje ya kituo chao cha kazi kwa ajili ya michezo, chakula na mazungumzo, kwa kusudi la kujenga mshikamano kazini. Nchini Tanzania mabonanza ya namna hii hufanyika zaidi mwishoni mwa juma, na waandaaji kutoka Dar es Salaam aghalabu huyapeleka Bagamoyo, Kibaha au Morogoro.

Makala hii inaeleza upangaji wa bonanza kwa kutumia mfano wa Mikese, kata ya Wilaya ya Morogoro Vijijini iliyoko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, karibu kilomita 30 mashariki mwa mji wa Morogoro. Mahali kama hapo, penye uwanja wa wazi na pasipo hoteli kubwa ya kufanya kila kitu, huonyesha vizuri zaidi mambo ambayo mwandaaji analazimika kuyafikiria mwenyewe.

Historia

Michezo na burudani za wafanyakazi si jambo geni Afrika Mashariki. Chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake ya muziki mwaka 1964. Bendi hiyo ilibadilika jina kadiri chama chenyewe kilivyobadilika, kutoka NUTA kuwa JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe ikajulikana kama Msondo Ngoma. Timu nyingi za mpira wa miguu zilizaliwa viwandani, reli na jeshini. Katika Mkoa wa Morogoro mfano unaojulikana zaidi ni Mtibwa Sugar ya Turiani, timu ya kiwanda cha sukari iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Tanzania Bara mwaka 1999 na tena mwaka 2000.

Kitaifa yapo mashindano ya SHIMIWI kwa wizara na idara za serikali, SHIMUTA kwa mashirika ya umma, taasisi na kampuni binafsi, SHIMISEMITA kwa serikali za mitaa, pamoja na michezo ya Mei Mosi. Mji wa Morogoro ulikuwa mwenyeji wa SHIMIWI mwaka 2021 na mwaka 2024. Katika mashindano hayo, mbali na mpira wa miguu na netiboli, huchezwa pia kuvuta kamba, riadha, mbio za baiskeli, bao, drafti na karata.

Tofauti ni kwamba mashindano hayo huchagua wachezaji bora na kuwaacha wengine wakishangilia. Bonanza la ofisi moja likiiga utaratibu huo hupoteza shabaha yake, kwa sababu wanaohitaji kukutana ni wote, pamoja na yule asiyejua kupiga mpira.

Kuanza na tatizo, si na uwanja

Kosa linalojirudia ni kuanza na swali la wapi na bei gani. Kamati hupata uwanja, hupata mpishi, hushona fulana, kisha ndipo hutafuta lengo la kuandika kwenye bango. Upangaji wenye manufaa huanza na swali jingine: ni nini hakiendi sawa baina ya watu hawa kazini? Huenda wahasibu na watu wa stoo hawaelewani kuhusu nani atie sahihi kwanza. Huenda tawi jipya limeunganishwa na la zamani na kila upande bado unasema "wale". Huenda wafanyakazi wanamwogopa mkuu wao kiasi cha kuficha makosa mpaka yageuke hasara.

Mwanasaikolojia Eduardo Salas wa Marekani na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu jambo hili mara mbili. Uchambuzi wa kwanza, wa mwaka 1999, haukuona kwamba shughuli hizi kwa ujumla huongeza utendaji, ila zile zilizowasaidia watu kufafanua majukumu yao zilionyesha faida. Uchambuzi wa pili, wa mwaka 2009, uliona faida ya wastani, na sehemu zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa mbili: kuweka malengo na kufafanua majukumu. Kwa maneno mengine, kucheza peke yake hakutoshi. Ndani ya siku hiyo lazima pawe na saa moja au mbili ambazo watu wanakaa chini na kuzungumza nani anafanya nini, na nani anamkwamisha nani.

Kamati ya watu watano hadi saba inatosha. Isiwe ya wakuu wa idara peke yao: dereva mmoja, mhudumu mmoja na mfanyakazi mgeni kazini huona mambo ambayo mkuu wa rasilimali watu hayaoni. Pale penye tawi la chama cha wafanyakazi, kiongozi wake ashirikishwe mapema, kabla ya kuambiwa tarehe iliyokwisha kupangwa.

Mfano wa Mikese

Mikese iko katikati ya Chalinze na Morogoro, na Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, hupita hapo. Upande wa kusini-magharibi huonekana safu ya milima ya Uluguru. Ni tambarare yenye joto, tofauti na vijiji vya juu milimani ambako baridi huhitaji sweta. Kikundi cha kutoka Morogoro mjini hufika kwa mwendo mfupi. Kikundi cha kutoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 160 kwa barabara yenye malori mengi ya kwenda Zambia na Kongo.

Tangu Juni 2024 kuna njia nyingine kwa watu wa Dar es Salaam: treni ya reli ya kisasa hadi Morogoro, kisha basi la kukodi kurudi mashariki hadi Mikese. Njia hii humrudisha mtu nyuma kidogo, lakini humwepusha na foleni ya kutoka mjini, na humwacha dereva wa ofisi naye awe mshiriki badala ya kulala ndani ya gari akisubiri jioni.

Uwanja wa shule ndio unaopatikana kwa urahisi vijijini. Huombwa kwa barua kwa mwalimu mkuu, na nakala hupelekwa kwa serikali ya kijiji. Ni adabu, na ni busara pia, mjumbe wa kamati kwenda mwenyewe juma moja au mawili kabla, akaonana na mwenyekiti wa kijiji, akakagua vyoo, akahesabu miti ya kivuli na kuuliza maji yanatoka wapi. Miti mitatu ya mwembe ina thamani kuliko hema la kukodi, lakini haitoshi watu 60 saa sita mchana. Shule ikiwa na uhaba wa maji, wageni waje na maji yao. Si haki watu wa mjini wamalize akiba ya wanafunzi kwa kunawa miguu.

Chakula kinunuliwe hapohapo kadiri inavyowezekana. Mama lishe wa kijijini anaweza kupika wali, maharage na kuku kwa watu 60 endapo ataambiwa mapema na kulipwa sehemu ya fedha kabla ili anunue mahitaji. Ndizi na mananasi hupatikana kwa wingi ukanda wa Uluguru. Kuagiza kila kitu kutoka Dar es Salaam hupandisha gharama, na chakula kilichosafiri saa nne kwenye joto hilo ni hatari kwa tumbo.

Kuchagua siku

Masika, yaani Machi hadi Mei, uwanja huwa tope na ratiba haitabiriki. Mvua za vuli huweza kuharibu Novemba na Desemba. Juni hadi Septemba ndicho kipindi kinachofaa zaidi, na likizo ya shule ya katikati ya mwaka huacha viwanja wazi. Hata hivyo watumishi wa serikali hufunga hesabu tarehe 30 Juni, na anayewatoa wahasibu ofisini juma hilo ajue kwamba miili yao itakuwa Mikese na mawazo yao ofisini. Siku za kuelekea Nane Nane nazo si nzuri: maonyesho ya kilimo ya Kanda ya Mashariki hufanyika Morogoro, na magari na nyumba za wageni huwa taabu kupatikana.

Imani za watu zihesabiwe. Ijumaa mchana Waislamu wana sala, Jumamosi ni siku ya ibada ya Wasabato, Jumapili ni ya Wakristo wengine. Hakuna siku ya mwisho wa juma isiyomgusa mtu, na ndiyo maana waajiri waangalifu hutumia siku ya kazi, mathalani Alhamisi. Mwezi wa Ramadhani hauchaguliwi. Nyama ichinjwe kwa utaratibu ambao Waislamu wataikubali, na jambo hilo litangazwe wazi kabla ili mtu asikae na soda mkononi akiogopa kuuliza.

Michezo: hatari ya kushindanisha idara

Hapa ndipo mabonanza mengi hupotea. Njia rahisi ya kupanga timu ni kwa idara: Fedha dhidi ya Mauzo, Makao Makuu dhidi ya Tawi. Jezi zinashonwa, ubao unaandikwa magoli, na jioni kombe linatolewa. Watu hufurahi kweli. Lakini ikiwa idara hizo tayari zilikuwa zikivutana, siku nzima imetumika kuwafundisha kuvutana vizuri zaidi.

Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1954 na Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Marekani. Aliwapeleka wavulana 22 wa umri wa karibu miaka 11 kwenye kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, akawagawa makundi mawili. Wavulana hao walikuwa hawajuani na walifanana kwa karibu kila kitu. Mashindano ya besiboli na kuvuta kamba yalipoanza, matusi yalianza, bendera zikachomwa na vyumba vikavamiwa. Kuwaweka pamoja kwenye chakula na sinema hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichopunguza uadui ni kazi ambazo kundi moja lisingeweza kuzimaliza peke yake, kama kurekebisha maji ya kambi yaliyokatika. Lori la chakula "lilipoharibika", wavulana wote walilifunga kamba wakalivuta pamoja. Kamba hiyo ilikuwa ileile waliyokuwa wakivutia mashindano.

Kutokana na hayo, timu za bonanza hupangwa kwa kuchanganya. Njia nyepesi ni kuokota vikaratasi vya rangi mtu anaposhuka kwenye basi, huku kamati ikihakikisha kwamba kila timu ina mkuu mmoja, mhudumu mmoja na mtu kutoka kila idara. Ushindani wa muda mfupi kati ya timu zilizochanganywa hauna madhara, maana Jumatatu timu hizo hazipo tena.

Michezo ichaguliwe ili kila mtu awe na nafasi. Kukimbia na magunia, yai kwenye kijiko na rede huchangamsha, lakini mjamzito, mwenye ulemavu wa miguu na mzee anayekaribia kustaafu hubaki watazamaji. Bao, drafti na karata chini ya mwembe si michezo ya pembeni. Mara nyingi mlinzi wa getini ndiye bingwa wa bao, na meneja aliyefungwa naye mara tatu humjua kwa jina kuanzia siku hiyo.

Kazi moja ya pamoja iwe kiini cha siku. Mifano miwili inafaa Mikese. Wa kwanza ni kupika: kila timu hupewa jiko na sufuria, lakini mahitaji yanagawanywa makusudi, timu moja ina mchele wote, nyingine vitunguu, nyingine mafuta na chumvi. Hakuna anayekula mpaka wamejadiliana. Wa pili ni kuifanyia shule kazi ambayo mwalimu mkuu mwenyewe ameitaja kuwa inahitajika, kama kukarabati madawati au kupaka rangi darasa. Upandaji miti hupendwa sana, na kwa watu wa Dar es Salaam una maana ya pekee, kwa kuwa maji ya mto Ruvu wanayoyanywa chimbuko lake ni Uluguru. Lakini mti uliopandwa Julai bila mtu wa kuumwagilia hupandwa kwa ajili ya picha tu. Kama bonanza ni la kiangazi, afadhali madawati.

Utani na mipaka yake

Waluguru, kama makabila mengine mengi ya Tanzania, wana desturi ya utani, ambayo humruhusu mtu kumwambia mtani wake jambo zito kwa mzaha bila kuvunja heshima. Bonanza huchota nguvu hiyohiyo. Igizo fupi ambalo wafanyakazi wanaigiza kikao cha Jumatatu, huku mhudumu akicheza nafasi ya mkurugenzi, linaweza kusema yale ambayo sanduku la maoni halijawahi kupokea. Ushabiki wa Simba na Yanga nao hutoa mzaha usiomuumiza mtu.

Mshereheshaji apewe mipaka mapema. Umbo la mtu, ugonjwa, ndoa, kutokuwa na mtoto na kabila la mtu mmoja mmoja si mambo ya kipaza sauti. Michezo inayowalazimisha wanawake na wanaume kugusana, kama kubeba mwenzako mgongoni au kupasua puto kati ya miili miwili, iachwe. Wapo watakaocheka kwa aibu siku hiyo na wasije mwaka unaofuata. Pombe, ikiwa itakuwapo, ije baada ya michezo, na wengi wa waandaaji wazoefu huiacha kabisa.

Sheria na mfuko wa mfanyakazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, huweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa juma na humpa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 kila juma. Mwajiri anayelazimisha watu kuhudhuria bonanza siku yao ya mapumziko anajiweka mahali pa kuulizwa kama hiyo ni kazi, na kama ni kazi malipo yake yako wapi. Ama litangazwe kuwa la hiari na liwe la hiari kweli, bila majina ya wasiokuja kusomwa kwenye kikao, ama lifanyike siku ya kazi.

Milima ya Uluguru yenyewe ina kumbukumbu ya kazi ya pamoja ya kulazimishwa. Mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwachimbisha wakulima matuta ya ngazi katika miaka ya 1950 ulipingwa hadi ghasia zikazuka Matombo mwaka 1955, na ukaachwa, ingawa kuhifadhi udongo lilikuwa jambo lenye faida.

Kukata mchango kwenye mshahara bila ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi hakuruhusiwi na sheria hiyohiyo. Hata mchango "wa hiari" wa fulana na raba huwabana wenye kipato cha chini: fedha ambayo ofisa haihisi ni nauli ya juma zima ya msafishaji. Bonanza ambalo mwajiri hawezi kuligharimia lipunguzwe ukubwa. Kushinda nusu siku kwenye uwanja ulio jirani na ofisi, kwa chai na mihogo, kunaweza kufanya kazi yote iliyoelezwa hapa. Suala la posho litatuliwe kabla ya safari kwa tangazo moja linaloeleweka, kwani likiachwa litazungumzwa ndani ya basi njia nzima.

Walinzi, wasafishaji na vibarua wa kampuni za nje hufanya kazi katika jengo lilelile lakini hukosekana kwenye orodha. Mwajiri wao aombwe ruhusa mapema. Atakayebaki kulinda ofisi apelekewe chakula chake, na apewe siku nyingine ya kupumzika.

Usalama

Hatari kubwa kuliko zote si mchezo bali barabara. Basi la kukodi likaguliwe matairi, breki na mikanda, dereva awe amelala usiku uliotangulia, na safari ya kurudi ianze mapema ili kikundi cha Dar es Salaam kiwe kimepita Chalinze kabla ya giza. Ratiba inayomaliza zawadi saa kumi na mbili jioni ni ratiba mbaya, hata kama kila kitu kingine kimeenda vizuri. Kwa joto la Mikese, michezo ya kukimbia ianze saa moja na nusu asubuhi na kumalizika kabla ya saa nne; mazungumzo, bao na kupika vifanyike kivulini.

Muuguzi mmoja mwenye sanduku la huduma ya kwanza awepo muda wote, na gari moja libaki tayari kumkimbiza mtu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro. Watu waulizwe kwa siri kuhusu shinikizo la damu, kisukari na pumu. Wanaume waliovuka miaka 45 ambao hawajakimbia tangu shule ndio huumia zaidi katika kuvuta kamba na mpira wa miguu, kwa sababu hukumbuka walivyokuwa. Kupasha mwili moto kwa dakika 15 kusirukwe. Mwajiri aulize pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kabla ya siku yenyewe, mfanyakazi akivunjika mguu bonanzani atahesabiwaje.

Baada ya bonanza

Kabla ya kuondoka uwanja husafishwa, chupa za plastiki hukusanywa na kurudi na gari, na mwalimu mkuu hukabidhiwa uwanja mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mama lishe humaliziwa fedha yake palepale.

Yaliyosemwa katika mazungumzo huandikwa siku hiyohiyo na mtu aliyeteuliwa, bila majina. Ndani ya juma moja uongozi hubandika kwenye ubao wa matangazo mambo matatu au manne: lipi litafanyika na lini, lipi linahitaji fedha ya mwaka ujao, na lipi haliwezekani na kwa nini. Baada ya majuma sita kamati huwauliza wafanyakazi kwa karatasi zisizo na majina maswali yaleyale waliyoulizwa kabla ya safari: je, hati bado inalala siku ngapi kati ya stoo na uhasibu, na ukikosea unamwambia nani kwanza? Majibu yakiwa yaleyale ya awali, kamati ya mwaka unaofuata huanzia hapo, na si kwenye kutafuta uwanja.